Faharasa na Uteuzi wa Njia ya Swali katika Hifadhidata ya Vituo vya Maji: Mfano wa Kata ya Oldonyo Sambu

1.0 Utangulizi

Kata ya Oldonyo Sambu iko upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Meru, kando ya barabara itokayo Arusha kuelekea Namanga. Maji ya eneo hilo, kama ya sehemu nyingi zinazouzunguka mlima huo, yana fluoridi inayotokana na miamba na majivu ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto anayekua akinywa maji yanayozidi kiwango hicho huota meno yenye madoa ya kahawia. Na kiasi kikiwa kikubwa zaidi, kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Kwa hiyo mhandisi wa maji anapoiuliza kompyuta, "Ni vituo vipi katika Kata ya Oldonyo Sambu vyenye maji ya fluoridi?", jibu lake lina uzito kwa watu wasioiona kompyuta hiyo kamwe.

Makala haya yanaeleza jinsi hifadhidata inavyolitafuta jibu la swali kama hilo: faharasa ni nini, mfumo unaamuaje kuitumia au kuiacha, na kwa nini faharasa iliyotengenezwa vizuri inaweza kuleta jibu la haraka lisilo kamili. Mifano imetolewa katika takwimu za vituo vya kuchotea maji za Wizara ya Maji ya Tanzania, zilizotolewa kwa umma kupitia jukwaa la Taarifa na kutumiwa katika shindano la kimataifa la DrivenData la kubashiri ubovu wa pampu. Sehemu ya takwimu hizo iliyotolewa pamoja na hali ya kila pampu ina vituo 59,400. Nyingine 14,850 ziliwekwa kando kwa ajili ya kupima ubashiri. Kila kituo kina mstari wake, na kila mstari una safu takriban 40: mkoa, halmashauri, kata, kitongoji, bonde la maji, aliyefadhili, aliyejenga, aina ya pampu, ubora wa maji na mengineyo.

2.0 Faharasa ni mpangilio

Msomaji anayetafuta neno moja katika kitabu kisicho na faharasa hana budi kukifungua ukurasa kwa ukurasa. Hifadhidata isiyo na faharasa hufanya vivyo hivyo. Ikichukuliwa kwamba mstari mmoja wa kituo cha maji una baiti 400 hivi, na kwamba jedwali limehifadhiwa katika PostgreSQL, ambayo hugawa diski katika kurasa za kilobaiti 8, kila ukurasa utabeba mistari 20, na jedwali zima litakuwa na kurasa 2,970. Swali lolote, hata la kutafuta kituo kimoja, litazipitia kurasa zote hizo.

Faharasa ni orodha ya pembeni. Huchukua thamani za safu moja au zaidi, huzipanga kwa utaratibu maalumu, kisha kila thamani huwekewa anwani ya mstari inakotoka. Umbo linalotumika zaidi ni mti wa B, ulioelezwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight katika makala ya mwaka 1972. Mti huu una ukurasa mmoja wa shina unaoelekeza kwenye kurasa za chini yake, hadi kwenye majani yenye thamani zenyewe. Ukurasa mmoja ukibeba thamani 300, thamani 59,400 zitatosha katika majani 198, na shina moja litatosha kuyaelekeza yote. Kutafuta kituo kimoja kwa namba yake kutahitaji kusoma shina, jani, na ukurasa wa jedwali wenye mstari huo: kurasa 3 badala ya 2,970. Jedwali likiwa na mistari milioni 61.7, kadiri ya idadi ya watu wa Tanzania katika sensa ya mwaka 2022, mti huohuo utaongezeka ngazi mbili tu.

Ni muhimu kutambua kwamba faharasa haiharakishi jedwali. Inachofanya ni kuyafanya baadhi ya maswali kuwa rahisi, yaani yale yanayokwenda sambamba na mpangilio wake, na kuyaacha mengine yalivyokuwa. Gharama yake nayo ipo, kwani kila mstari mpya unapoingizwa, kila faharasa hurekebishwa. Kwa takwimu za vituo vya maji, ambazo huandikwa mara chache na kusomwa mara nyingi, gharama hiyo ni ndogo na haihitaji mjadala mrefu.

3.0 Mpangaji na hesabu zake

Anayeuliza swali katika lugha ya SQL hasemi litafutweje. Husema anataka nini tu. Kuichagua njia ni kazi ya sehemu ya mfumo inayoitwa hapa mpangaji. Wazo la kumfanya mpangaji akadirie gharama ya kila njia na kuchagua iliyo nafuu liliwekwa wazi na Patricia Selinger na wenzake wa IBM mwaka 1979, katika mradi wa System R, na mifumo mingi ya leo bado inafuata msingi huo.

Safu ya ubora wa maji inalionyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wa kubuni. Katika vituo 59,400, maji ya vituo 50,818 yameandikwa kuwa laini, 4,856 ya chumvi, 1,876 hayajulikani, 804 yana rangi ya maziwa, 490 yana rangi nyingine, 339 ni ya chumvi na kituo kimeachwa, 200 yana fluoridi, na 17 yana fluoridi na kituo kimeachwa. Safu ni moja na faharasa yake ni moja. Hata hivyo, anayeuliza vituo vya maji laini na anayeuliza vya fluoridi watapelekwa njia mbili tofauti.

Kwa viwango vya kawaida vya PostgreSQL, kusoma ukurasa mmoja kwa mfululizo hugharimu kizio 1, na kuruka kwenda ukurasa wowote hugharimu vizio 4. Kuushughulikia mstari mmoja ni kizio 0.01, na kuulinganisha na sharti ni 0.0025. Kulipitia jedwali zima basi ni 2,970 kwa kurasa, 594 kwa mistari na 148.5 kwa ulinganisho, jumla vizio 3,712.5. Vituo 200 vya fluoridi, hata kila kimoja kikiwa katika ukurasa wake, ni miruko 200, yaani vizio 800 na kidogo. Mpangaji atachukua faharasa bila kusita. Vituo vya maji laini vimo takriban katika kila ukurasa. Kuvifuata kwa faharasa ni kuruka kwenda kurasa zote 2,970 kwa gharama ya vizio 11,880. Hapo mpangaji ataipuuza faharasa, na atakuwa sahihi. Wanafunzi wengi wanaoiona amri ya EXPLAIN kwa mara ya kwanza hudhani faharasa yao imeharibika, kumbe mfumo umepiga hesabu.

Katikati ya ncha hizo mbili ndipo penye ugumu. Mkoa wa Arusha una vituo 3,350 katika jedwali, sawa na asilimia 5.6. Ni sehemu ndogo, na mtu angetarajia faharasa ya mkoa isaidie. Lakini kama vituo hivyo vimetawanyika ovyo, uwezekano wa ukurasa wenye mistari 20 kutokuwa na kituo hata kimoja cha Arusha ni asilimia 31 tu. Kurasa zipatazo 2,040 zitaguswa, na miruko hiyo itagharimu vizio 8,160, zaidi ya mara mbili ya kulisoma jedwali lote. Kama jedwali limepangwa kimkoa kwenye diski, vituo hivyohivyo vitakaa katika kurasa 168 zinazofuatana, na faharasa itashinda kwa mbali. Idadi ya majibu haijabadilika. Kilichobadilika ni mahali yalipolala.

Kizio 4 cha mruko nacho ni urithi wa diski za kuzunguka. Seva zenye diski zisizo na sehemu inayozunguka huruka kwa wepesi, na wasimamizi wengi hukishusha hadi 1.1. Kwa kiwango hicho, miruko 2,040 ya Arusha inakuwa vizio 2,244, na mpangaji anabadili uamuzi bila mtu kugusa swali wala faharasa. Yapo pia mapito ya kati, ambapo mfumo hukusanya kwanza anwani zote kutoka katika faharasa, huzipanga kwa mfuatano wa kurasa, kisha huzisoma kwa zamu moja. Hayo hupunguza makali ya hesabu iliyoonyeshwa hapa, lakini hayabadilishi mwelekeo wake.

4.0 Mpangaji anapokosea

Mpangaji halijui jedwali. Anajua muhtasari wake. Amri ya ANALYZE huchukua sampuli ya mistari na kuandika thamani zinazojirudia zaidi pamoja na sehemu ya kila moja. Kwa kawaida orodha hiyo hubeba thamani zisizozidi 100, hivyo aina 8 za ubora wa maji zinaingia zote. Tatizo huanza pale ofisi inapoingiza maelfu ya vipimo vipya kwa mkupuo na kuuliza maswali kabla muhtasari haujasasishwa. Mpangaji ataendelea kuamini picha ya jana.

Kosa la pili ni la kimsingi zaidi. Swali lenye masharti mawili, kwa mfano mkoa uwe Arusha na maji yawe ya fluoridi, hukadiriwa kwa kuzidisha sehemu mbili kana kwamba hazihusiani. Asilimia 5.6 ya vituo 200 ni vituo 11. Makadirio hayo yangekuwa sawa kama fluoridi ingegawanywa nchini kwa kura. Lakini fluoridi hufuata jiolojia, na jiolojia ya Bonde la Ufa na ya Mlima Meru haikai sawa na ya Mtwara. Mpangaji anayetarajia mistari 11 anaweza kuchagua njia inayofaa mistari michache, kisha akakutana na mingi zaidi. Katika jedwali la ukubwa huu hasara haionekani: megabaiti 24 hukaa zote katika kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida. Itaonekana pale jedwali hili litakapounganishwa na jedwali la vipimo. Kama vituo vyote 74,250 vingepimwa kila mwezi kwa miaka 10, jedwali la vipimo lingekuwa na mistari 8,910,000, na njia ya kuchukua kituo kimoja kimoja na kwenda kutafuta vipimo vyake ingekuwa nzuri kwa vituo 11 na mbaya kwa maelfu. PostgreSQL, tangu toleo la 10 la mwaka 2017, inamruhusu msimamizi kuutaja uhusiano wa safu mbili ili muhtasari uandikwe kwa pamoja. Ni amri ya mstari mmoja, na inastahili kutumika zaidi kuliko ilivyo sasa.

5.0 Oldonyo Sambu katika mpangilio wa alfabeti

Makosa yaliyotajwa hadi hapa huleta uchelewaji tu. Yanayofuata huleta jibu pungufu, nayo hayaonyeshwi na EXPLAIN.

Neno la Kimaa oldoinyo lina maana ya mlima. Likiingia katika maandishi ya Kiswahili na ya kiofisi huandikwa kwa namna nyingi: Oldonyo Sambu, Oldonyosambu, Oldonyo-Sambu, Ol Doinyo Sambu. Kwa mkazi wa huko hayo ni mahali pamoja. Kwa mti wa B ni thamani nne, na hazikai hata jirani, kwa kuwa nafasi, kistari na herufi vina zamu tofauti katika mpangilio. Swali linalotaja tahajia moja litakwenda moja kwa moja kwenye jani lake, litarudi na mistari ya tahajia hiyo, na litatoa jibu kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna onyo litakalotolewa kwamba mistari mingine imebaki. Kwamba hali hii si ya kufikirika tu, safu ya waliojenga vituo inathibitisha: humo mna "Government" na "Gover", "DANIDA" na "DANID", kila kimoja kikihesabiwa kama mjenzi wake.

Mhandisi aliyeligundua tatizo hilo huenda akajaribu kutafuta kata yoyote inayoishia na "sambu", kwa kuweka alama ya asilimia mbele ya neno. Jaribio hilo linashindwa mara mbili. Kwanza, mti wa B umepangwa kuanzia herufi ya kwanza. Asiyejua mwanzo wa neno hana pa kuingilia, kama mtu anayefungua kamusi kutafuta maneno yote yanayoishia na "-sha". Mfumo utalisoma jedwali lote. Pili, Wilaya ya Ngorongoro ina kata za Soitsambu na Enguserosambu, ambazo zitaingia katika jibu bila kualikwa.

Wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro ina kata yake inayoitwa Oldonyo-Sambu. Mkoa mmoja wa Arusha, kwa hiyo, una kata mbili zenye jina moja: moja katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, nyingine Ngorongoro, mbali kuelekea magharibi. Anayesafisha tahajia kwa kuondoa nafasi na vistari, kama inavyoshauriwa mara nyingi, atazikusanya tahajia za kata moja na papo hapo atazichanganya kata mbili. Faharasa juu ya jina lililosafishwa inawezekana, na hufanya kazi kwa haraka. Lakini bila halmashauri kando yake itampeleka mhandisi wa Arusha kwenye visima vya Ngorongoro.

Dawa ya karibu ni faharasa ya pamoja yenye halmashauri kwanza na kata baadaye. Utaratibu wa safu ndani yake una maana. Daftari la wapigakura lililopangwa kwa kituo, kisha kwa jina, humsaidia anayekijua kituo. Anayetafuta kila mtu aitwaye Neema nchini kote hasaidiwi nalo. Vivyo hivyo faharasa ya halmashauri na kata hujibu kwa urahisi swali la halmashauri peke yake, au halmashauri na kata, na haina msaada mkubwa kwa swali la kata peke yake. Hapa udhaifu huo ni faida: swali linalotaja kata bila halmashauri linakuwa zito, na uzito wake unamkumbusha muulizaji kwamba hajaeleza anataka Oldonyo Sambu ipi.

Ipo pia faharasa ya vipande vya herufi tatu tatu, inayopatikana katika PostgreSQL kwa nyongeza ya pg_trgm. Hii hulinganisha maneno kwa vipande wanavyoshirikiana, na inaweza kuikaribisha "Ol Doinyo Sambu" karibu na "Oldonyosambu". Inafaa sana wakati wa kusafisha data, mtu akiwa amekaa mbele ya orodha na kuamua. Haifai kuachiwa iamue yenyewe katika ripoti, kwa sababu kwake Enguserosambu nayo ni jirani wa kiasi fulani.

6.0 Msimbo na tarehe

Njia imara ni kuliondoa jina katika utafutaji. Kila kata ipewe msimbo katika jedwali la kata, pamoja na halmashauri yake, tahajia rasmi na tahajia nyingine zinazojulikana. Jedwali la vituo libebe msimbo tu. Faharasa ya msimbo ni fupi, hailegezwi na nafasi wala kistari, na muhtasari wa mpangaji unakuwa wa kweli kwa kuwa kata moja haihesabiwi tena kama nne. Mfumo wa DHIS2, ambao mwaka 2013 ulikuwa umeenezwa nchini kwa ripoti za vituo vya afya, hufuata msimamo huo: kila eneo lina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, na njia yake kutoka taifa hadi kituo huandikwa kwa vitambulisho vinavyofuatana. Anayetaka vituo vyote vya halmashauri moja hutafuta njia zinazoanza na mfuatano fulani. Hilo ni swali la mwanzo wa neno, ambalo mti wa B unaliweza.

Hata hivyo msimbo nao huzeeka. Katika jedwali la vituo vya maji mna majina 21 ya mikoa na misimbo 27 ya mikoa. Arusha ina miwili: 2, yenye vituo 3,024, na 24, yenye vituo 326. Faharasa ya msimbo ingemjibu anayeuliza Arusha kwa namba 2 haraka kuliko ya jina, na ingeacha vituo 326 nje. Mikoa ya Njombe, Geita, Simiyu na Katavi, iliyoanzishwa mwaka 2012, haimo kabisa katika majina. Vituo vya Njombe vimeandikwa chini ya Iringa. Iliyokuwa halmashauri moja ya Arumeru imekuwa mbili, Meru na Arusha, na kata nchini huendelea kugawanywa.

Kwa sababu hiyo jedwali la kata linahitaji safu mbili zaidi: tarehe msimbo ulipoanza kutumika na tarehe ulipokoma. Faharasa yake ya pamoja ianze na msimbo, ifuate tarehe ya kuanza. Mhandisi atakayeuliza kuhusu kisima kilichoandikwa chini ya Arumeru atapewa kata kama ilivyokuwa siku kilipoandikwa, pamoja na msimbo uliochukua nafasi yake. Kazi ya kuoanisha tahajia za zamani na misimbo hiyo haiwezi kufanywa na mpangaji. Inahitaji mtu wa halmashauri anayezijua kata zote mbili za Oldonyo Sambu, mwenye orodha ya vitongoji mkononi, akipitia mstari mmoja baada ya mwingine.